Tatizo Linatokea Katika Mwendo Gani? Utatuzi wa matatizo ya mnato katika rangi za kuta

Ndoo ikirudi kutoka kwa mteja, usikimbilie pipa la thikena, yaani dawa ya kuifanya rangi iwe nzito. Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote katika maabara za rangi, na miaka yangu ya mwanzo nimelifanya mwenyewe: rangi nyepesi, ongeza thikena, rangi nzito, ongeza maji, funga ndoo, irudi dukani. Baada ya wiki mbili ndoo ile ile iko tena mezani, na safari hii ina matatizo mawili badala ya moja.

Kazi yangu ni reolojia, yaani elimu ya namna vitu vinavyotiririka, katika utafiti wa rangi za majengo hapa Dar es Salaam. Kila lalamiko linaloletwa nalianza kwa swali moja: tatizo linatokea rangi ikiwa katika mwendo gani? Rangi haina mnato mmoja, yaani uzito mmoja wa kutiririka, kama mafuta ya kupikia. Ikiwa imetulia ndoo­ni, tabaka zake hutelezana polepole mno, chini ya 0.01 kwa sekunde. Ukutani, brashi ikishaondoka, mtelezo huo ni kati ya 0.01 na 1. Ukiikoroga kwa mti au kuimimina unafika makumi na mamia. Chini ya brashi na rola unafika maelfu, hata 10,000 na zaidi. Kutoka ndoo iliyotulia hadi brashi inayokwenda ni tofauti ya mara milioni moja, na rangi ile ile inaweza kuwa nzito upande mmoja na nyepesi kupita kiasi upande wa pili.

Kipimo cha Stormer, kile chenye kasia linalozunguka mara 200 kwa dakika na kutoa jibu kwa KU (vizio vya Krebs; namba ikiwa kubwa, rangi ni nzito), kinasoma eneo la katikati tu, la kukoroga. Ndiyo maana rangi mbili zenye KU 100 zinaweza kutofautiana kabisa mkononi mwa fundi. KU ni nzuri kwa kujua kama bechi ya leo inafanana na ya jana. Haikwambii kwa nini rangi inachuruzika.

Kabla ya kulaumu rangi, kihoji kipimo

Mara nyingi rangi ni nzima, ila kipimo ndicho kilichopotoka. Anza na kipimajoto. Viwango vilivyo kwenye fomu vimepimwa kwa nyuzi 25. Ndoo iliyotoka ghala lenye paa la bati mwezi wa Januari inaweza kuwa na nyuzi 35, na rangi ya moto husoma nyepesi. Liweke kopo kwenye beseni la maji mpaka katikati yake ifike 25, si pembeni tu.

Kisha pima uzito wa lita moja. Hatua hii inasahauliwa sana, nayo inachukua dakika tano. Rangi inayopaswa kuwa kilo 1.40 kwa lita ikisoma 1.28, ujue unapima rangi na povu. Hewa hupandisha KU. Usiku povu likitoka, KU zinashuka, na asubuhi watu wanasema rangi imeharibika wakati ndiyo kwanza imerudi katika hali yake.

Umri nao uuangalie. Thikena huendelea kujipanga baada ya mikseri kuzimwa. Pima bechi ikitoka, pima tena baada ya saa 24, na uamuzi utoe kwa kipimo cha pili.

Wenye reomita, mashine inayopima mnato katika mwendo mbalimbali, wana mitego yao. Koni ya kawaida huachwa nafasi ya takribani mikroni 50 (mikroni 1,000 ni milimita 1) kwenye ncha, na kanuni tunayoifuata ni kwamba chembe kubwa kuliko zote isizidi sehemu ya kumi ya nafasi. Kwa hiyo rangi yenye kijazio, yaani unga wa madini wa kuijaza, cha mikroni 20 usiipime kwa koni. Tumia sahani mbili zenye nafasi ya milimita 1. Kuishusha sahani juu ya rangi tayari kumeshavunja muundo wake, kwa hiyo isukume kwanza kwa mwendo unaoujua, kisha iache ipumzike muda ule ule kila mara, tuseme dakika 5. Ukingo ukianza kukauka, mnato utapanda wenyewe. Funika sahani na uweke unyevu ndani ya kifuniko. Na ukiona mchoro umepinda ghafla kwenye mwendo mdogo, rudia kwa nafasi tofauti. Mchoro ukibadilika, rangi inateleza kwenye chuma, haijaanza kutiririka. Hapo tafuta sahani zenye uso wa kukwaruza.

Rangi imekuwa maji ndani ya ndoo

Watuhumiwa ni watatu, nami huwaendea kwa mpangilio huu.

Kwanza pH. Thikena za akriliki zinazovimba kwenye alkali zinahitaji pH ya juu ya 8 ili zikunjuke. Kama bechi ilipandishwa kwa amonia na kifuniko hakikubana, amonia imetoka na thikena imejikunja. Hapa tiba ni rahisi: rudisha pH polepole huku ukikoroga, subiri, pima. KU zikirudi umepata jibu, na kuanzia hapo shughulika na vifuniko.

Pili, rangi za kukolezea. Rangi nyeupe ya msingi iko sawa, ila ikikolezwa buluu nzito au nyekundu dukani inashuka KU 10 hadi 20. Chanzo ni sabuni na glikoli zilizomo kwenye rangi ya kukolezea. Thikena za uretani hufanya kazi kwa kushikana na chembe za gundi (ile inayoishikisha rangi ukutani) kama watu walioshikana mikono. Sabuni inaingia katikati na kuwaachanisha. Usiongeze uretani hiyo hiyo kwenye rangi ya msingi ili kufidia, maana nyeupe itakuwa nzito mno. Changanya na kiasi cha thikena ya selulosi, ambayo huzitegemea chembe kidogo sana, au tafuta uretani yenye mshiko mkali zaidi. Kisha jaribu kwa kipimo kikubwa kabisa cha rangi ya kukolezea ambacho duka linaruhusiwa kuweka.

Tatu, vijidudu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu walitufundisha kwa gharama kubwa.

Kiwanda kimoja nilichofanya kazi kilianza kupokea ndoo zilizotoka na KU 98 na kurudi na 70. Tukanusa: hakuna harufu ya yai bovu. Tukaotesha sampuli: hakuna kilichoota. Tukaandika kwamba si vijidudu, tukahangaika na muuza thikena kwa karibu mwezi mzima. Tulikosea. Vijidudu vilikuwa vimekufa kweli, dawa ya kuzuia kuoza ilikuwa imeviua, lakini kabla ya kufa viliacha kimeng'enya cha selulasi. Kimeng'enya si kiumbe hai, dawa ile haikiui. Kinaendelea kukatakata minyororo ya thikena ya selulosi siku baada ya siku ndani ya ndoo iliyo safi kabisa kwa kipimo cha maabara.

Tulichopaswa kufanya siku ya kwanza ni hiki. Tengeneza maji mazito ya selulosi safi, asilimia 2, uyagawe kwenye chupa mbili. Moja tia kijiko cha rangi inayoshukiwa, nyingine kijiko cha rangi nzima. Acha usiku kucha. Tulipofanya hivyo hatimaye, asubuhi niliziinamisha chupa zote mbili dirishani: ya kwanza ilitikisika kama maji ya mchele, ya pili ilishuka taratibu kwa uzito wa asali. Hatukuhitaji mashine nyingine.

Chanzo kilikuwa tanki la maji ya kuoshea mikseri, ambayo tulikuwa tunayahifadhi ili yatumike kwenye bechi inayofuata. Wazo zuri la kuokoa maji, ila tanki lilikaa siku nyingi kwenye joto bila dawa. Rangi iliyokwisha kupata selulasi haiokolewi kwa kuongeza selulosi. Unakilisha kimeng'enya tu. Inyanyue kwa thikena ya akriliki au ya uretani, au uiuze upesi kwa kazi isiyokaa. Tanki nalo lioshwe, liwekwe dawa, na maji yake yasilale zaidi ya siku mbili.

Rangi inazidi kuwa nzito kadiri inavyokaa

Hapa watu hulaumu thikena, lakini mimi huuliza maji yalitoka wapi. Wakati wa mgao wa maji viwanda vingi vya Dar hugeukia visima, na maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na ugumu. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo hukinyakua kitawanyishi, yaani ile poliakrileti ya sodiamu inayozuia chembe za titani (unga mweupe unaoipa rangi uwezo wa kufunika) na kijazio zisigandamane. Kitawanyishi kikipungua, chembe zinashikana kidogo kidogo, KU 100 inakuwa 110, kisha 125, na ukiichota kwa kijiko inakatika kama mtindi ulioganda.

Kipimo chake kinahitaji uvumilivu tu. Tengeneza tope zito la kijazio kwa maji ya kisima, jingine kwa maji yaliyosafishwa. Ongeza kitawanyishi kwa matone, koroga, soma mnato kila mara, chora. Mchoro utashuka, utafika chini kabisa, kisha utalala au kuanza kupanda. Pale chini ndipo mahitaji yako. Kama tope la maji ya kisima linafika chini kwa kitawanyishi kingi zaidi, tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa inaibwa. Mara nyingi polifosfeti kidogo iliyotangulia kuwekwa kwenye maji huushika ugumu na kukiachia kitawanyishi kazi yake. Usikiongeze kitawanyishi bila mpaka: kikizidi kinabaki kwenye rangi iliyokauka, na ukuta wa nje unalainika mvua ikipiga.

Kijazio kikibadilika, hata kama jina kwenye gunia ni lile lile, kipimo hiki kirudiwe. Kaolini, iwe ya Pugu au ya kutoka nje, ina vibamba vyembamba vinavyomeza kitawanyishi kingi kuliko kalsiamu kaboneti ya uzito sawa.

Kwa rangi za mafuta nitasema mawili tu. Rangi ya alkidi ikiganda hadi kufanana na maini na haikorogeki, angalia kama kuna oksidi ya zinki pamoja na resini yenye asidi nyingi. Hizo mbili hutengeneza sabuni ndani ya kopo na hakuna tiba, kuna kuzuia tu. Na kama udongo wa bentonaiti ulioandaliwa kwa mafuta haunyanyui kitu, huenda haukupewa alkoholi na maji kidogo ya kuufungua.

Maji juu, tope chini

Fungua ndoo iliyokaa miezi mitatu na uangalie kwanza, usikoroge. Maji safi juu na rangi laini chini si sawa na maji machafu juu na jiwe chini.

Maji safi juu maana yake muundo wa rangi umejikaza na kuyakamua maji. Hutokea sana pale selulosi inapofanya kazi peke yake: minyororo yake inazisukuma chembe za gundi zikusanyike, rundo linashuka taratibu. Udongo kidogo wa atapulgaiti au sehemu ya uretani hupunguza hali hiyo. Ukikoroga ikarudi laini, rangi haijafa.

Tope gumu chini ni mvutano wa dunia kwenye chembe kubwa. Kasi ya kuzama hukua kwa mraba wa ukubwa wa chembe. Mnunuzi akibadilisha kijazio cha mikroni 5 kwa cha mikroni 20 kwa sababu ni bei nafuu, chembe hizo zinazama mara 16 kwa haraka zaidi katika rangi ile ile, na KU hazitaonyesha lolote. Titani ina uzito wa takribani mara nne wa maji, lakini chembe zake ni ndogo sana, chini ya nusu mikroni. Ikionekana chini ya ndoo, ujue imegandamana, rudi kwenye habari ya kitawanyishi. Usahihi hapa unapatikana kwa kupima mnato katika mwendo mdogo kabisa ambao reomita yako inauweza, na kwa kuiweka rangi kwenye oveni ya nyuzi 50 kwa wiki mbili hadi nne.

Fundi anasema rangi ni nyepesi, maabara inasema KU 100

Wote wawili wanasema kweli. Fundi anapima kwa mkono, kwenye maelfu ya mtelezo. Mpime pale alipo kwa kipimo cha koni na sahani kinachofanya kazi karibu na 10,000 kwa sekunde. Rangi ya ndani inayosoma chini ya poizi 1 (poizi ni kizio cha mnato) hapo itateleza bila kushika, brashi haina uzito mkononi, tabaka linakuwa jembamba, ukuta unahitaji mikono mitatu badala ya miwili. Mteja atalalamika kwamba rangi haifuniki na wewe utafikiria kuongeza titani, ambayo ni ghali. Badilisha kwanza sehemu ya selulosi kwa uretani ile inayojenga mnato wa mwendo mkubwa, upandishe hadi poizi 1.2 au 1.5, na KU ziache pale pale.

Rola ikirusha vitone kwenye miwani na sakafu, tatizo ni mvutiko. Chovya kisu cha kuchanganyia na ukinyanyue. Ukiona uzi mrefu mwembamba unaonyooka kama bamia kabla ya kukatika, uzi huo ndio unaopasuka chini ya rola. Selulosi yenye minyororo mirefu ndiyo inayouleta. Tumia daraja la minyororo mifupi, au ipunguze na uretani ichukue nafasi.

Madonge

Madonge laini yanayong'aa kama macho ya samaki ni selulosi iliyolowa nje ikabaki kavu ndani, sawasawa na unga wa uji uliotiwa kwenye maji yanayochemka. Poda nyingi za selulosi hutibiwa zichelewe kulowa kwenye maji yasiyo na alkali. Kwa hiyo ziende kwenye maji kwanza, zitawanyike, na amonia ifuate baadaye. Madonge magumu meupe ni gundi iliyoshtuka kwa thikena iliyomiminwa ikiwa nzito. Izimue kwa maji na uitie kwa uzi mwembamba, mikseri ikizunguka.

Inachuruzika, au inaacha alama za brashi

Matatizo haya mawili ni ndugu wanaovutana. Dawa ya moja huliamsha jingine, na hapa ndipo mtu wa reolojia anapopata mshahara wake.

Mwaka 1919 Eugene Bingham na Henry Green walionyesha kwamba rangi haitiririki mpaka isukumwe kwa nguvu inayozidi kiwango fulani. Bingham huyo ndiye aliyelileta neno reolojia. Kiwango hicho kinakupa hesabu ya kuchuruzika inayofanyika kwenye kiganja: zidisha msongamano wa rangi, mvutano wa dunia na unene wa tabaka. Rangi ya kilo 1.4 kwa lita, tabaka bichi la mikroni 100: paskali 1.4 (paskali ni kizio cha nguvu kwa eneo). Nguvu ya kuanza kutiririka ikiwa juu ya hapo, rangi inabaki ilipo. Tabaka la mikroni 300 linahitaji paskali 4 na zaidi.

Alama za brashi nazo zina hesabu yake. Muda wa kujisawazisha hutegemea unene kwa nguvu ya tatu: tabaka likipungua nusu, kusawazika kunachukua muda mara 8. Hutegemea pia umbali kati ya mistari kwa nguvu ya nne, kwa hiyo brashi yenye nywele nene ikiacha mistari iliyoachana mara mbili, muda unakuwa mara 16. Usiilaumu rangi kabla hujaiona brashi.

Jaribio linalowatenganisha ndugu hawa ni la hatua tatu: mwendo wa 0.1 kwa dakika moja, 1,000 au zaidi kwa nusu dakika, kisha 0.1 tena, huku unaangalia mnato unavyorudi. Ukirudi wote ndani ya sekunde chache, mistari inaganda ilivyo. Ukichelewa dakika kadhaa, rangi inashuka. Mimi hutafuta kurudi nusu katika sekunde 20 hadi 40, lakini kwenye joto letu maji hukauka upesi, kwa hiyo matokeo hayo huyathibitisha ukutani nje saa saba mchana.

Fundi mmoja alikuja na ndoo na picha kwenye simu. "Dada, jana nimeipiga vizuri, leo nakuta ukuta wote una michirizi."

"Pole fundi. Ulipiga mikono mingapi?"

"Mmoja tu, ila mzito. Bosi anataka tumalize Ijumaa."

Rangi yake ilisoma paskali 2.5, zinazobeba takribani mikroni 180. Nilimwomba apake ubao wa majaribio kama alivyopaka kwake, nikachomeka wima kwenye rangi kitana cha kupimia unene wa rangi mbichi: mikroni 300. Nilimwonyesha meno yaliyolowa na yale makavu, naye akakichukua akajipimia mwenyewe mara mbili tatu, polepole, mpaka akapata mkono wa 120. Kitana kile aliondoka nacho. Ukuta wa pili aliupiga mikono miwili kwa ndoo ile ile, na picha aliyonitumia Jumatatu haikuwa na mchirizi hata mmoja.